Kioo cha gari kikigoma kupanda: Yafaa kujua kilichoharibika kabla ya kununua mota

MVUA ya vuli inapoanza kunyesha Machakos mwishoni mwa Oktoba, ndipo wenye magari wengi hugundua kwamba kioo kimoja cha mlango hakipandi tena. Dalili huwa zilikuwapo tangu miezi ya kiangazi. Kioo kilikuwa kikipanda kwa uzito, kikikwaruza, au kikisimama katikati hadi kisaidiwe kwa kiganja cha mkono. Lakini wakati wa jua kali hakuna mwenye haraka ya kufunga dirisha, na hitilafu ndogo huachwa ikomae.

Gari ambalo kioo chake kimekwama chini ni mzigo mzito. Haliwezi kuachwa nje ya soko wala kulazwa uani bila mlinzi, na mvua ikiingia hulowesha viti na, baya zaidi, swichi zilizopachikwa mlangoni. Kwa hivyo mwenyewe hukimbilia kwa fundi. Wapo mafundi wa jua kali wenye ujuzi na subira ya kupima. Wapo pia wale ambao, bila hata kufungua mlango, hutoa hukumu moja tu: mota imeungua. Hapo ndipo huanza safari ya kwenda Nairobi kutafuta mota nyingine, mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kupitia makutano ya Kyumvi. Mota hiyo ikishafungwa na kioo kisisogee, pesa zimekwisha na tatizo liko palepale.

Mota ni kiungo kimoja tu katika mnyororo mrefu. Umeme hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, rilei na swichi kuu iliyo mlango wa dereva. Kutoka hapo hufuata nyaya zinazopenya kwenye mpira ulio kati ya mlango na bodi ya gari, ndipo ufike kwenye mota. Mota nayo huzungusha kifaa cha chuma ambacho mafundi hukiita regyuleta, nacho ndicho kinachosukuma kioo. Hatimaye kioo chenyewe hupanda kikiteleza ndani ya mifereji ya mpira iliyo kando ya mlango. Pingu yoyote katika mnyororo huu ikikatika au ikikaza, mtu aliye ndani ya gari huona jambo lilelile moja: anabonyeza na kioo hakitii.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya uchunguzi inaweza kufanywa nyumbani, kivulini, na mtu ambaye hajawahi kufanya kazi gerejini, mradi awe na utulivu.

Kabla ya kugusa spana yoyote, sharti kitazamwe kitufe cha kufungia madirisha kilicho kwenye mlango wa dereva. Kitufe hicho kiliwekwa ili watoto wasichezee vioo, na kikibonyezwa kwa bahati mbaya, vioo vya abiria hunyamaza. Ni aibu ndogo kugundua jambo hilo mapema, lakini ni hasara kuligundua baada ya kumlipa fundi.

Baada ya hapo gari liwashwe umeme na kila kioo kijaribiwe, kimoja baada ya kingine, kwanza kwa swichi ya dereva na kisha kwa swichi ya mlango wenyewe. Jaribio hilo la dakika mbili hufichua mengi. Ikiwa vioo vyote vimekufa kwa pamoja, si rahisi mota nne kuungua siku moja. Kosa liko kwenye fyuzi, rilei, au swichi kuu. Ikiwa kioo cha abiria kinatii swichi yake lakini hakitii ya dereva, swichi kuu ndiyo ya kushukiwa. Kama hakitii yoyote kati ya hizo mbili, basi uchunguzi uelekezwe kwenye mlango huo: swichi yake, nyaya zake na mota yake.

Sikio nalo ni chombo cha kupimia. Swichi ikibonyezwa na mota ikasikika ikizunguka huku kioo kimetulia, mota ni nzima na kilichokatika ni kebo au meno ya regyuleta. Ikiwa hakuna mlio lakini taa ya ndani ya gari inafifia kidogo kila swichi inapobonyezwa, umeme unafika, ila kuna kitu kimekaza. Kimya kitupu na taa isiyotikisika humaanisha kwamba umeme haufiki kabisa, au brashi za kaboni zilizo ndani ya mota zimelika. Ujanja wa zamani wa kugonga paneli ya mlango kwa ngumi, karibu na ilipo mota, huku mtu mwingine akibonyeza swichi, si ushirikina. Kioo kikishtuka na kupanda, hiyo ni dalili kwamba brashi zimechoka, na ni fursa ya kukifunga kabla ya usiku kuingia. Lakini hiyo si tiba.

VUMBI

Machakos ina sababu yake ya kuharibu vioo. Barabara nyingi za ndani, ziendazo Mua, Iveti, Kathiani, Mwala na Yatta, zina vipande virefu vya udongo, na malori ya mchanga yanayopita humo huacha mawingu ya vumbi nyuma yake. Vumbi hilo hushuka pamoja na kioo, likajaa katika mifereji ya mpira na kugeuka kuwa kama msasa. Jua nalo hukausha mpira ukapoteza ulaini. Mota iliyotengenezwa kunyanyua kioo kinachoteleza hulazimika kunyanyua kioo kinachosugua, na huo ndio mwanzo wa kuungua kwake. Mwenye gari hubadilisha mota bila kuusafisha mfereji, na baada ya miezi kadhaa hurudi pale pale.

Kusafisha mifereji ni kazi ya maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa kilichofungwa kwenye ncha ya kijiti au bisibisi bapa. Kioo kishushwe, kitambaa kipitishwe juu hadi chini mara kadhaa hadi kitoke bila weusi, kisha mpira uachwe ukauke. Baadaye hupuliziwa kilainishi cha silikoni. Wengi hupaka grisi ya kawaida au mafuta ya injini yaliyotumika kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Hilo ni kosa, kwani mafuta ya aina hiyo huufanya mpira uvimbe na kuoza, na vumbi hunata juu yake kuliko awali. Vioo vingi vinavyopanda kwa uvivu hupona kwa usafi huu pekee.

Jambo moja liangaliwe pia wakati mlango uko wazi, nalo ni bomba la mpira lililo kati ya mlango na mwili wa gari, karibu na bawaba. Nyaya zilizo ndani yake hukunjwa na kukunjuliwa kila mlango unapofunguliwa, na mlango wa dereva hufunguliwa mara nyingi kuliko mingine yote. Baada ya miaka, waya hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana. Kioo kinachofanya kazi mlango ukiwa wazi na kugoma ukifungwa, au kinyume chake, kimekwisha kujieleza. Waya uliokatika huunganishwa kwa kipande kipya cha unene uleule, ukalehemiwa na kuvikwa ganda, si kusokotwa kwa vidole na kufungwa kwa utepe.

SWICHI NA MOTO

Hapa ndipo suala la kioo linapoacha kuwa la usumbufu tu na kuwa la hatari. Mnamo Oktoba 2012, kampuni ya Toyota ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 7.43 kote duniani kwa sababu ya swichi kuu ya madirisha. Ilibainika kwamba grisi iliyopakwa ndani ya swichi hizo kiwandani haikuenea sawasawa, na kwa sababu hiyo swichi ingeweza kukwaruza na kukwama inapobonyezwa. Kampuni iliwaonya wenye magari hayo wasijaribu kuitibu hali hiyo kwa vilainishi vya kawaida vinavyouzwa madukani, kwa kuwa swichi ingeweza kuyeyuka, kutoa moshi na hata kuwaka moto. Mnamo Oktoba 2015 wito mwingine ulitolewa, safari hii kwa magari milioni 6.5, kwa sababu ya swichi hiyohiyo. Chembe zinazolika kutoka kwenye vishikizo vya umeme zingeweza kurundikana mahali palipokosa grisi na kusababisha shoti.

Miongoni mwa magari yaliyohusika mwaka 2012 yalikuwamo Vitz, Corolla, Auris na RAV4, majina ambayo hayahitaji kuelezwa kwa mkazi yeyote wa Machakos. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yaingizwe nchini mradi hayajapitisha miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza, na mengi hutoka Japani. Barua ya kumwita mwenye gari hupelekwa kwa yule aliyesajiliwa huko. Gari lililouzwa ng'ambo kabla ya kufanyiwa ukarabati hufika bandarini Mombasa likiwa na swichi yake ya awali, na mnunuzi wa pili au wa tatu huenda asijue kamwe kwamba kulikuwa na wito. Tovuti ya Toyota ya Japani ina mahali pa kuingizia nambari ya chesisi ili kujua kama gari linahusika. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutambuliwa kwa nambari fupi ya herufi na tarakimu iliyogongwa kwenye chuma, si ile ya alama 17 inayotumika nchi nyingine, na ndiyo inayopasa kuandikwa hapo.

Kwa hivyo swichi ya dereva inayobonyezeka kwa ukaidi isipuliziwe chochote. Ikiwa ina harufu ya plastiki iliyoungua, au ikihisiwa joto kwa kidole, kiunganishi chake king'olewe na swichi ibadilishwe. Swichi nzima haigharimu kama kuungua kwa gari.

Mazoea mengine yanayostahili kukemewa ni ya fyuzi. Fyuzi ikikatika, wako wanaoirudishia kwa kipande cha waya wa shaba au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na wako wanaoweka fyuzi ya kiwango kikubwa zaidi ili isikatike tena. Fyuzi iliwekwa ikatike. Ikizuiwa, kinachowaka badala yake ni waya uliopita chini ya zulia na viti. Kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi kifuatwe, na fyuzi mpya ikikatika tena mara moja, shoti itafutwe kabla ya kuweka ya tatu.

KUUFUNGUA MLANGO

Ikiwa uchunguzi umeelekeza ndani ya mlango, mahitaji si mengi: bisibisi ya nyota na bapa, spana ya namba 10, taa ndogo ya kupimia umeme au maltimita, utepe wa gundi ulio imara, na bakuli la kuwekea skrubu. Waya wa hasi wa betri utolewe kwanza. Gari likiwa na mifuko ya hewa ya pembeni, isubiriwe dakika kadhaa baada ya betri kutolewa, na nyaya zozote zenye viunganishi vya rangi ya njano zisiguswe.

Skrubu za paneli hujificha. Moja huwa nyuma ya kishikio cha kufungulia mlango, nyingine ndani ya shimo la kuvutia mlango, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Zikishatoka zote, paneli huvutwa kuanzia chini ili klipu ziachie moja moja. Inayokataa isilazimishwe, kwa kuwa aghalabu kuna skrubu iliyosahaulika. Klipu mbili tatu zitavunjika hata mikononi mwa fundi hodari, nazo hupatikana kwa bei ndogo katika maduka ya vipuri.

Nyuma ya paneli kuna karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Ni desturi mbaya kuichana na kuitupa kana kwamba ni takataka ya kiwandani. Plastiki hiyo ndiyo inayozuia maji ya mvua yanayoteremka ndani ya mlango yasiingie ndani ya gari. Ibanduliwe polepole na kuhifadhiwe mahali pasipo vumbi.

Sasa betri irudishwe kwa muda, na umeme upimwe kwenye kiunganishi cha mota huku mwenzako akibonyeza swichi. Kwa mota ya nyaya mbili, volti 12 zionekane kati ya nyaya hizo, na zigeuke upande kioo kinapoamriwa kushuka badala ya kupanda. Volti zikiwepo na mota haitikisiki, hapo ndipo mota inapoweza kuhukumiwa. Zisipokuwepo, mota haina hatia. Mota hiyo ya nyaya mbili inaweza pia kujaribiwa kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri kwa sekunde moja au mbili kwa waya wenye fyuzi. Jaribio hilo lisifanyiwe mota yenye nyaya nyingi, kwa kuwa ndani yake mna vifaa vya kielektroniki vinavyoungua upesi.

Kabla ya kulegeza chochote, kioo kipandishwe kwa mikono na kufungwa kwa utepe uliopitishwa juu ya fremu ya mlango, pande zote mbili. Vioo vingi vya milango ya magari haya huimarishwa kwa joto, na kimoja kikidondoka ndani ya mlango huweza kupasuka vipande elfu. Betri itolewe tena, kisha boliti zinazoshika kioo na zile za regyuleta zifunguliwe, na chombo chote kitolewe kupitia tundu kubwa la mlango kwa kukipindapinda.

Regyuleta ziko za aina mbili. Ya kebo ina reli na waya wa chuma unaozunguka kwenye magurudumu madogo ya plastiki. Kebo hiyo hukatika nyuzi moja baada ya nyingine na kujisokota, na haifai kuungwa. Ya pili ni ya mikono ya chuma inayopishana kama mkasi, na mara nyingi ina springi yenye nguvu. Hapa tahadhari haina budi kuwa kubwa. Mota ndiyo inayoizuia springi hiyo, na ikifunguliwa bila mikono ya chuma kubanwa kwanza kwa boliti au koleo la kushikilia, mikono hiyo hufyatuka kwa kasi inayoweza kukata kidole. Mtu asiye na uhakika ainunue regyuleta ikiwa pamoja na mota yake, au ampelekee fundi sehemu hiyo moja.

Vipuri vilivyotumika kutoka Japani hupatikana kwa wingi Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wengi wangali wakiita Grogan kwa jina lake la kikoloni, alilopewa Ewart Grogan, Mwingereza maarufu kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo. Anayekwenda huko abebe kifaa chake kibovu mkononi. Regyuleta ya kushoto si ya kulia, ya mbele si ya nyuma, na gari la jina moja na mwaka mmoja laweza kuwa na viunganishi tofauti kutegemea kama kioo chake hupanda chenyewe kwa mguso mmoja. Idadi ya vipini ndani ya kiunganishi ihesabiwe kabla ya kutoa pesa, na muuzaji aombwe kuijaribu mota kwa betri pale pale dukani. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kifaa kipya kikiwa mahali pake, boliti zikazwe nusu tu, kioo kipandishwe hadi juu ili kijipange ndani ya mifereji, ndipo zikazwe kabisa. Kioo kilichokazwa kikiwa kimeinama hurudisha ule mkwaruzo wa zamani na kuichosha mota mpya. Katika magari yenye kioo kinachopanda kwa mguso mmoja, kutolewa kwa betri hufuta kumbukumbu yake. Katika mengi ya magari hayo hurudishwa kwa kuishikilia swichi juu hadi kioo kifunge na kuendelea kuishikilia kwa sekunde kadhaa. Kitabu cha gari huonyesha utaratibu wake.

Katika hatua hiyo usalama wa watoto usisahauliwe. Magari mengi yana kinga ya kurudisha kioo chini kikikutana na kitu, lakini aghalabu kinga hiyo huwa kwenye kioo cha mguso mmoja pekee, mara nyingi kile cha dereva, na mota iliyobadilishwa bila kupangwa upya huenda isiwe nayo. Kioo cha nyuma kinachopanda hakitambui shingo wala vidole. Swichi za kubonyeza, ambazo mtoto aliyepiga magoti mlangoni anaweza kuzikanyaga kwa goti, ni hatari kuliko zile za kuvutwa juu. Kinga ijaribiwe kwa karatasi ngumu iliyokunjwa, kamwe si kwa mkono, na ufunguo usiachwe ndani ya gari lenye watoto.

Kabla ya paneli kurudishwa, plastiki ibandikwe tena kwa gundi yake ileile, na mahali ilipokauka pawekwe utepe wa pande mbili usiodhurika na maji. Kioo kifungwe, kisha maji ya ndoo moja yamwagwe polepole juu yake. Yakitiririka kupitia matundu madogo yaliyo chini ya mlango, kazi imekamilika. Yakitokeza kwenye zulia, plastiki haijakaa sawa, au matundu hayo yamezibwa na vumbi na yanahitaji kuzibuliwa kwa kijiti.